Mwalimu na Bei ya Tembo

Waulize wanafunzi kumi pale kwenye vimbweta Mwalimu Nyerere alikuwa nani. Tisa watakujibu kabla hujamaliza swali: baba wa taifa, uhuru, ujamaa, Azimio la Arusha, vita vya Kagera. Wa kumi ataongeza kwamba ndiye aliyetuletea makao makuu Dodoma. Wote wamepata. Lakini yupo Mwalimu mwingine ambaye hatumzungumzi sana, yule aliyesoma uchumi kabla ya kuwa mwanasiasa na akataka wanyama na misitu vitunzwe kwa sababu vinalipa. Makala hii ni maisha ya Mwalimu huyo. Tuyafuate kwa swali moja tu: kama kutunza mazingira kuna faida, hela inaingia mfukoni mwa nani?

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya. Nyumbani kwao alichunga mbuzi kama watoto wengine wa pale. Hakuanza shule mapema. Alikuwa na miaka kama 12 alipoingia Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na 1943 akaenda Makerere kusomea ualimu. Baada ya kufundisha Tabora kwa miaka michache, alisafiri hadi Edinburgh, Uskoti, mwaka 1949, akarudi 1952 na shahada yake. Kule alisoma historia, falsafa na, zingatia hili, uchumi wa kisiasa. Yaani huyu hakuwa mtu wa kuambiwa tu kwamba bei na soko vinaendesha tabia za watu. Alikaa darasani akasomea.

Aliporudi alifundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa yeye akiwa rais wake. Hapa ndipo hadithi ya mazingira inapoanza, ingawa vitabu vyetu vya shule vinaipita haraka. Miaka ile serikali ya kikoloni ilikuwa imeshika bango la kuhifadhi udongo. Milimani Uluguru wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Usambara nako kulikuwa na amri za namna hiyo. Usukumani watu waliambiwa wapunguze mifugo. Asiyetii alipigwa faini. Nia inaweza kuwa ilikuwa nzuri, kwa maana mmomonyoko ulikuwepo kweli. Shida ni kwamba mkulima alifanya kazi ngumu bila malipo, shambani mwake mwenyewe, na mavuno hayakuongezeka kiasi cha kumfuta jasho. Uluguru kukalipuka ghasia mwaka 1955, na mradi wa matuta ukafa. TANU ilipata wanachama wengi katika maeneo hayohayo. Kwa maneno mengine, sehemu ya nguvu iliyomfikisha Mwalimu Ikulu ilitoka kwa watu waliochoshwa na uhifadhi wa amri. Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji tukifika Kondoa.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, kulifanyika mkutano mkubwa Arusha kuhusu uhifadhi wa maliasili katika nchi mpya za Afrika. Wageni kutoka Ulaya na Marekani walikuja na wasiwasi wao. Walidhani Waafrika wakishika nchi, wanyama watakwisha. Mwalimu, wakati huo waziri mkuu, alitoa tamko ambalo mpaka leo linaitwa Ilani ya Arusha, likasainiwa pia na Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Said Tewa. Ukilisoma kwa haraka utaona maneno mazuri kuhusu wanyama kuwa urithi wa watoto wetu. Ukilisoma kama mtu wa biashara, utaona mkataba. Upande mmoja, Tanganyika inaahidi kuwatunza wanyama kwa sababu ni sehemu ya riziki ya taifa ya siku zijazo. Upande wa pili, inawaambia mataifa mengine kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu na fedha, na kwamba wao wanatarajiwa kuchangia. Ninyi mnawapenda hawa wanyama, sisi tunao. Basi lipeni.

Siku hizi mambo haya yanafundishwa vyuoni kama malipo kwa huduma za mifumo ikolojia. Mfano unaotajwa sana ni Costa Rica, ambayo tangu 1997 inawalipa wenye ardhi wanaotunza msitu, na sehemu ya fedha inatoka kwenye kodi ya mafuta. Mwalimu aliliweka wazo la msingi mezani zaidi ya miaka 30 kabla. Na hakujifanya mpenzi wa wanyama. Alikiri wazi kwamba yeye binafsi hana hamu ya kwenda likizo kutazama mamba, ila anajua wapo watu duniani wanaolipia jambo hilo, na kwamba baada ya almasi na mkonge, wanyama watakuja kuwa chanzo kikubwa cha mapato. Wakati huo Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia kwa mkonge, kwa hiyo kuwataja simba na nyumbu katika orodha hiyo kulionekana kama mzaha. Muda si mrefu bei ya mkonge ikaporomoka. Leo utalii ni miongoni mwa vinara wa kuingiza fedha za kigeni nchini.

Mteja naye ilibidi atafutwe. Katika hilo Mwalimu alipata mshirika wa ajabu, Mjerumani Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Grzimek na mwanawe Michael waliruka na ndege ndogo kuwahesabu wanyama wa Serengeti. Januari 1959 ndege ikaanguka na Michael akafariki, lakini filamu yao ilishinda Oscar mwaka 1960. Mzee huyo alikuwa na kipindi cha televisheni kilichopendwa sana kwao. Siku moja akatangaza kwamba sasa kuna safari za bei nafuu za kwenda Afrika Mashariki kutazama wanyama. Safari hizo hazikuwepo. Watu wakamiminika kwa mawakala kuulizia, na mawakala walipoona wateja wamejaa mlangoni, wakazianzisha kweli. Mtu wa masoko yeyote pale ndaki ya biashara anaweza kukueleza kilichotokea: mahitaji yalitengenezwa kwanza, bidhaa ikafuata.

Serikali ya Mwalimu nayo ilifanya sehemu yake ya mkataba. Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kilifunguliwa 1963 kufundisha Waafrika usimamizi wa wanyamapori. Hifadhi za taifa, ambazo wakati wa uhuru zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, zikaongezeka: Ruaha na Mikumi 1964, Gombe 1968, Tarangire 1970, Kilimanjaro 1973, Katavi 1974, Rubondo 1977, Mahale 1985. Kwa nchi maskini kutenga ardhi kiasi hicho si jambo dogo. Ndugu msomaji, ardhi hiyo ingeweza kulimwa.

Sasa turudi kwenye swali letu la mfuko. Mwanakijiji anayeishi jirani na hifadhi alipata nini? Tembo akiingia shambani usiku mmoja anamaliza mahindi ya mwaka mzima. Simba akikamata ndama, hasara ni ya mwenye zizi. Wamaasai walikuwa wameshaondolewa Serengeti kabla ya uhuru, kwa makubaliano ya kuishi Ngorongoro. Gharama ilikuwa ya kijiji. Mapato yalikwenda hazina, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 hoteli nyingi za watalii zikajengwa na kuendeshwa na mashirika ya umma. Nadharia ilikuwa kwamba hela ikifika hazina itarudi kwa mwananchi kama shule, maji na zahanati. Na kweli shule na zahanati zilijengwa. Lakini mwanakijiji hakuona uhusiano wowote kati ya darasa jipya na tembo aliyemla shamba. Tembo kwake alibaki mnyama wa serikali.

Na waliolipigia kelele jambo la utalii mapema kabisa walikuwa wanafunzi! Mwaka 1970 vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali magazetini: je, nchi ya ujamaa inaweza kujenga uchumi wake kwa kuwahudumia watalii matajiri? Wengine walisema utalii ni utumwa mpya, wengine wakasema fedha za kigeni hazina rangi. Mwaka 1973 Issa Shivji aliuhariri mjadala huo ukawa kitabu. Serikali haikuuacha utalii, ila wenzetu wale walikuwa wamegusa penyewe. Waliuliza nani anafaidika, na hilo ni swali la uchumi kabla ya kuwa la siasa.

Mwaka huohuo wa 1973 una mambo mengi kwa sisi tunaoishi huku uwanda wa kati. Ndio mwaka TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Ndio mwaka uwindaji ulipopigwa marufuku nchi nzima, marufuku iliyodumu hadi 1978. Na ndio mwaka ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwalimu aliifahamu Dodoma kwa mikono yake. Mwaka 1971, wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, alikuja Chamwino akashiriki kazi ya kufyatua matofali na wanakijiji. Ukame, njaa na vumbi la Ugogo havikuwa vitu vya kusimuliwa. Lakini operesheni ileile iliwakusanya watu na mifugo yao mahali pamoja. Kuni zikaanza kufuatwa mbali, na malisho ya karibu yakachoka.

Kondoa ndiko hali ilikuwa mbaya zaidi. Makorongo yalikuwa yamemeza mashamba, na mchanga ulikuwa umefunika mabonde. HADO walipanda miti na kuchimba makingamaji, lakini mifugo iliendelea kula kila kilichoota. Basi mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, makumi ya maelfu, wakatolewa. Kwa upande wa udongo matokeo yalikuwa makubwa. Nyasi zilirudi ndani ya misimu michache, miti ikachipua yenyewe, na makorongo yakaanza kutulia. Watafiti wengi wamekwenda kuona na wamekubali kwamba ardhi ilipona.

Lakini mfugaji je? Ng'ombe kwake ni benki, ni mahari, ni mbolea, ni maziwa ya mtoto. Wengine walihama na mifugo yao, na maeneo waliyohamia yakabeba mzigo. Wengine walibaki bila kitu. Serikali iliyozaliwa na hasira za matuta ya Uluguru ilikuwa imetoa amri yake yenyewe, na hakuna aliyelipwa kwa kuacha malisho yapumzike. Kilicholegeza hali baadaye ni kitu cha kawaida kabisa, nacho ni maziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Kondoa walianza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini, wakiwakatia nyasi na kuwapelekea. Ghafla nyasi iliyosimama ikawa na thamani. Mtu aliyekuwa anaiona hifadhi kama adhabu akaanza kuiona kama ghala la chakula cha ng'ombe wake, na maziwa yalikuwa na mnunuzi. Amri ya 1979 ndiyo iliyoanza kuuponya udongo, hatuwezi kuikana, lakini ni maziwa yaliyompa mkulima sababu ya kutaka udongo ule ubaki mzima.

Miaka hiyohiyo, kwenye wanyamapori, soko lilikuwa linafanya kazi kwa upande mbaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa, na watalii wengi walikuwa wanapitia huko. Ikafuata vita ya Kagera, kisha uhaba wa kila kitu, hadi askari wa wanyamapori wakakosa mafuta ya gari. Wakati huohuo bei ya meno ya tembo duniani ilikuwa inapanda. Fikiria hesabu ya kijana wa kijijini. Tembo hai hampi hata senti. Tembo aliyekufa anamlipa usiku uleule, taslimu. Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katika hesabu ya 1976. Miaka kumi baadaye walikuwa wamebaki karibu nusu, na faru weusi walikuwa wanamalizika nchi nzima. Ilani ya Arusha ilikuwa imempa tembo bei kwa mtalii na kwa hazina. Kwa jirani yake wa karibu, bei pekee iliyokuwepo ilikuwa ya jangili.

Tusimlaumu Mwalimu kama kwamba hakuona kitu. Mwaka 1980 serikali yake ilizindua kampeni ya upandaji miti iliyoitwa Misitu ni Mali. Jina lenyewe linatosha kuonyesha fikra zake: msitu ni mali, si pambo. Ila mali lazima iwe na mwenyewe, na kwa muda mrefu mwenyewe alikuwa serikali.

Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka na kurudi Butiama kulima. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Akiwa nje ya Ikulu aliona nchi ikibadilika. Operesheni Uhai ya 1989, chini ya Rais Mwinyi, iliwasaka majangili, na mwaka huo Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuishawishi dunia ipige marufuku biashara ya meno ya tembo. Miaka ya 1990 Selous iliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake, na tembo wakaongezeka. Mwaka 1995 mzee alikuja hapahapa kwetu, katika ukumbi wa Chimwaga, kwenye mkutano mkuu wa chama uliomteua Benjamin Mkapa. Mwaka 1998 ikatoka Sera ya Wanyamapori iliyofungua njia kwa vijiji kuunda jumuiya za hifadhi na kupata sehemu ya mapato kwenye ardhi yao. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kabla hajaona jumuiya hizo zikianza.

Yaliyofuata yanatupa mizani ya kupima kazi yake. Utaratibu wa Selous kubaki na mapato ulipositishwa miaka ya 2000, na mahitaji ya meno ya tembo yalipopanda tena Asia, hesabu ya mwaka 2013 ilikuta tembo kama 13,000 tu. Kwa upande mwingine, kwenye bonde la Yaeda, Mbulu, Wahadzabe wanapata malipo ya hewa ukaa kwa kuacha misitu yao isikatwe. Uluguru, palepale ambapo watu waliyakataa matuta mwaka 1955, baadaye wakulima wa Kibungo Juu walikubali kuchimba makingamaji na kupanda miti katika mradi ambao wanunuzi wa maji ya Ruvu, ikiwemo DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, waliingia mkataba wa kuwalipa. Mlima ni uleule, na jembe ni lilelile. Tofauti ni kwamba safari hii kuna aliyeleta hela.

Si kwamba soko ni malaika. Malipo ya hewa ukaa yanategemea mnunuzi wa mbali ambaye anaweza kubadili mawazo. Jumuiya za hifadhi za vijiji zinalalamika kwamba mgao unachelewa au unakatwa njiani. Corona ilipofunga viwanja vya ndege 2020, hifadhi zilizozoea kuishi kwa mtalii zilibaki zinaangalia barabara tupu. Mwalimu mwenyewe, mjamaa hadi mwisho, angekuwa wa kwanza kutukumbusha kwamba soko likiachwa peke yake linampa mwenye nacho. Ndiyo maana suala si kuchagua kati ya amri na bei. Kondoa ilihitaji vyote viwili, ila bei ilikuja miaka kumi kwa kuchelewa, na katika miaka hiyo kumi waliolipa ni wafugaji.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zaidi ya kilometa za mraba 30,000. Ni heshima inayomstahili. Lakini kwa sisi wa Dodoma kazi yake haiko Rufiji, iko hapa mlangoni. Mji unakua kwa kasi, watumishi wamehamia, na sisi wanafunzi tuko maelfu. Bumu likiingia, wengi wetu tunaopanga nje ya chuo tunanunua mkaa. Katika bei ya ule mkaa mna usafiri, ushuru, gunia na faida ya muuzaji. Mti wenyewe umewekwa kwa bei ya karibu na bure, na kijiji ulikotoka mara nyingi hakipati kitu cha kukifanya kiotesha mwingine. Jirani zetu wa Kilosa wamejaribu njia tofauti: vijiji vinapanga maeneo ya kukata kwa zamu, vinauza mkaa kwa kibali, na ushuru unabaki kijijini kulinda msitu na kujenga madarasa.

Kwa hiyo wewe wa mwaka wa tatu unayehangaika na mada ya utafiti, acha kudesa ya mwaka jana. Panda gari uende Kondoa, uwaulize wazee walikopeleka ng'ombe wao 1979 na nani aliwafidia. Au kaa na muuza mkaa wa mtaani kwako ufuate gunia moja hadi kwenye kisiki chake, ukiandika kila shilingi na anayeipokea. Mwalimu alituachia nusu ya jibu pale Arusha mwaka 1961. Nusu nyingine iko vijijini, na haihitaji msaada wa Sweden kuipata, ni nauli na daftari tu.